Hodi, kuuliza, foleni au rejesta: uchague njia ipi kuunganisha kompyuta za biashara?

"Kwangu haijasoma, baba."

Aliyewahi kulipa kwa simu dukani anaijua sentensi hiyo. Mteja ana ujumbe mkononi, salio limepungua, jina la duka limeandikwa sawasawa. Keshia anakodolea skrini yake na haoni kitu. Nyuma yao watu wanaanza kuguna. Kompyuta mbili, ya mtoa huduma ya malipo na ya duka, zimepotezana kwa muda mfupi tu, lakini waliosimama kaunta ndio wanaobeba aibu yake: mmoja anaonekana tapeli, mwingine anaonekana mkaidi.

Kazi yangu ni kuunganisha mifumo ya namna hiyo: duka na malipo, tawi na bohari, msambazaji na kiwanda. Wateja wengi huanza kwa kuniuliza ni njia ipi yenye kasi zaidi. Siku hizi kasi si tabu. Nyingi kati ya njia nitakazozieleza hufikisha ujumbe ndani ya sekunde chache mtandao ukiwa mzima. Swali ninaloomba liwekwe mezani kabla hujamlipa fundi ni hili: mtandao ukikatika ujumbe ukiwa njiani, nani ameushika? Mtumaji, mpokeaji, mtu wa kati, au hakuna?

Maana mtandao hukatika. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zile niliona mifumo ya aina mbili: iliyochelewesha oda na iliyozipoteza. Wenye ile ya kwanza walilalamika siku mbili, wakasahau. Wenye ile ya pili walikaa wiki nzima na vitabu vya risiti wakilinganisha mstari kwa mstari.

Mambo mawili kabla ya kulinganisha

Mara nyingi naambiwa, "Lakini si intaneti yenyewe inahakikisha data inafika?" Inahakikisha kidogo kuliko tunavyodhani. Itifaki ya TCP, ambayo maelezo yake rasmi yalitoka mwaka 1981, hurudia vipande vilivyopotea na kuvipanga kwa zamu. Ila ile kauli yake ya "nimepokea" hutolewa na mashine ya upande wa pili, si na programu yako ya mauzo. Mashine ikipokea oda, kisha umeme ukakatika kabla programu haijaiandika kwenye kanzidata, mtumaji ataendelea kuamini kwamba mzigo umefika. VPN nayo, yaani njia ya siri ndani ya intaneti ambayo kampuni nyingi za simu na benki huidai kabla ya kukuunganisha, huzuia macho ya watu wengine barabarani. Haimtunzii mtu ujumbe hata mmoja.

Jambo la pili ni zito zaidi. Wataalamu wa kompyuta walishalithibitisha tangu miaka ya 1970 kwa mfano wa majenerali wawili waliotenganishwa na bonde lenye adui. Kila mmoja anataka kuhakikisha mwenzake amekubali saa ya kushambulia, lakini tarishi anaweza kukamatwa njiani, na tarishi wa kuthibitisha naye anaweza kukamatwa, na wa kuthibitisha uthibitisho hivyo hivyo. Hakuna idadi ya matarishi itakayowapa wote wawili uhakika kamili.

Kwenye biashara bonde hilo linaonekana hivi. Tawi la Morogoro la duka moja la vifaa vya ujenzi lilituma oda ya mifuko 200 ya saruji kwenda bohari ya Dar es Salaam. Bohari ikaipokea na kuiandika, lakini jibu likapotelea njiani. Programu ya tawi, kwa kuwa haikusikia kitu, ikatuma tena. Bohari ikaona oda mbili halali. Alfajiri Fuso mbili zikapakia, na ya pili ilipofika Morogoro jioni, yule utingo alishuka akakuta stoo imejaa hadi mlangoni na mawingu yanatanda. Mifuko mingine 200 ya kilo 50 kila mmoja, tani 10, ikalala juu ya gari chini ya turubai. Fundi aliyeandika programu ile hakuwa mzembe. Alichagua kurudia badala ya kupoteza, na hapo alichagua vema. Alichosahau ni namba.

Kila oda ipewe namba ya pekee na mtumaji mwenyewe, kabla haijatumwa, na ikirudiwa irudiwe na namba ile ile. Mpokeaji akiiona mara ya pili atoe jibu lile lile la mwanzo, asipakie gari. Bila hilo hakuna njia hata moja hapa chini itakayokuokoa, hata uilipie kiasi gani.

Kuuliza au kubishiwa hodi

Hizi ndizo mbili ambazo biashara nyingi za kwetu huanza kuchagua kati yake.

Kuuliza ni pale mfumo wako unapokwenda kwa mwenzako kila baada ya muda fulani: "Kuna jipya?" Mafundi vijana huidharau njia hii, wanasema inachosha seva. Hesabu yao si ya uongo. Maduka 60 yakiuliza kila sekunde 5, hayo ni maswali 12 kwa sekunde, yaani 1,036,800 kwa siku. Kama oda za siku nzima ni 3,000, karibu majibu yote yatakuwa "hakuna." Lakini tazama ni nani anashika ujumbe: aliye nao ndiye anayeendelea kuwa nao, mpaka wewe uje kuuchukua. Ukikatikiwa mtandao saa nzima, ukirudi unasema, "Nipe vyote vilivyofuata baada ya namba 48,210," na unapewa vyote kwa mpangilio. Hakuna aliyekutafuta akakukosa. Uponyaji uko ndani ya njia yenyewe, na seva ya leo haishindwi na maswali 12 kwa sekunde.

Sharti ni kwamba uulize kwa namba ya mfululizo, si kwa saa. Nimeona mifumo inayouliza "nipe vya baada ya saa 8:00:00," na muamala uliochelewa kuandikwa kwa nusu sekunde ukaangukia kwenye ufa, usionekane tena.

Hodi ni kinyume chake. Unampa mwenzako anwani ya seva yako, na jambo likitokea yeye ndiye anakuja kubisha. Mafundi wengi huiita kolibeki au webhook. Ndiyo njia ya malipo mengi ya simu. Haraka yake inapendeza: mteja hajarudisha simu mfukoni, skrini imeshasoma. Ila hapa mzigo wa kushika ujumbe unaangukia kwa anayebisha, na wabishaji hawafanani. Stripe, kampuni ya malipo ya Marekani, huendelea kurudia hodi kwa hadi siku 3, kila mara ikisubiri zaidi kidogo. GitHub, ghala la mtandaoni ambako mafundi hutunza programu zao, hubisha, na usipoitika ndani ya sekunde 10 huhesabu kwamba umeshindwa, wala hairudii yenyewe. Hizo ni kampuni mbili kubwa zenye ahadi mbili tofauti kabisa, na zote huita huduma yao kwa jina moja, webhook. Kwa hiyo usinunue jina. Soma aya inayosema hodi isipoitikiwa hufanyika nini.

Mfano wa karibu zaidi ni Daraja, API (mlango wa programu kuongea na programu) ya M-Pesa ya Safaricom nchini Kenya. Unaposajili anwani zako huko, unatakiwa kutamka pia: kama umewasha uhakiki wa malipo, yaani M-Pesa ikuulize kabla ya kukamilisha, na seva yako haipatikani wakati huo, muamala ukamilishwe au ughairiwe? Ni neno moja kwenye fomu, na nimeona likijazwa kwa kunakili mfano wa kwenye maelezo. Lakini hilo ni uamuzi wa biashara. Shule inayopokea ada ingependa ikamilishe, kisha isahihishe baadaye. Anayeuza tiketi za basi lenye viti 50 afikirie mara mbili. Mwenye biashara ndiye aliketie na fundi wake.

Kuna adabu tatu za kupokea hodi, na zote nimezijua kwa kuamshwa usiku. Itikia mara moja, yaani andika ujumbe kwenye kanzidata, jibu "nimepokea," halafu ndipo ufanye kazi nyingine. Ukianza kuchapa risiti na kutuma SMS kabla ya kujibu, mwenzako atachoka na kubisha tena. Hakiki sahihi ya kidijiti ya ujumbe, maana anwani yako iko wazi kwenye intaneti na yeyote anaweza kuja kudai kwamba pesa imelipwa. Na usitegemee mpangilio: taarifa ya kughairi inaweza kutangulia taarifa ya malipo.

Mimi siamini katika kuchagua moja kati ya hizi mbili. Hodi kwa kasi, kuuliza kwa uhakika. Kila baada ya dakika chache programu yako iulize, "Kuna ulichonibishia nisisikie?" Kampuni nyingi za malipo zina huduma ya kuulizia hali ya muamala, Daraja wakiwemo. Yule keshia awe na kitufe kimoja cha kuuliza muamala kwa namba iliyo kwenye simu ya mteja, na sentensi ya "haijasoma" itageuka kuwa "subiri kidogo, baba, naiangalia."

Foleni yenye dalali

Ukishakuwa na matawi, bohari, uhasibu na magari, kila mfumo kumbishia hodi kila mfumo kunakuwa vurugu. Hapo anaingia dalali: programu ya katikati ambayo kazi yake ni kupokea ujumbe, kuupanga kwenye foleni, na kuutunza mpaka mwenyewe aje athibitishe kwamba ameumaliza. RabbitMQ, iliyotoka mwaka 2007, ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Ilijengwa juu ya AMQP, itifaki iliyoanzia benki ya JPMorgan Chase mwaka 2003, wakati watu wa masoko ya fedha walipochoka kununua kwa bei ghali programu ambazo haziongei pamoja.

Kwa swali letu, jibu la dalali ndilo bora kuliko yote: yeye ndiye anashika. Tawi likizimika siku nzima, foleni yake inarefuka, na likiwaka inapungua. Mwingine hana haja ya kujua. Ujumbe usioweza kusomeka, labda kwa sababu bei imeandikwa kwa maneno, unapelekwa kwenye foleni ya pembeni ya waliokwama, na mtu anaukagua asubuhi badala ya kuzuia wote walio nyuma yake.

Lakini dalali huyu hashiki kitu mpaka umwambie ashike, na hapa ndipo biashara nyingi zimelipia ulinzi zisiupate. Foleni iwe ya kudumu. Ujumbe nao uwekwe alama ya kuandikwa kwenye diski. Mtumaji asubiri uthibitisho wa dalali kabla ya kujiona amemaliza. Mpokeaji naye athibitishe kwa mkono, baada ya kazi kukamilika, si pale ujumbe unapotua mlangoni. Lisipowekwa mojawapo kati ya hayo manne, dalali au mpokeaji akizimika ghafla kuna ujumbe unaoweza kutoweka kimya kimya. Mwulize fundi wako manne hayo moja moja, umtazame usoni.

Kosa jingine ni kueneza kundi moja la seva za RabbitMQ katika miji mbalimbali kupitia intaneti. Watengenezaji wake wenyewe wanashauri usifanye hivyo. Weka dalali kila mahali, Dar es Salaam wake na Dodoma wake, kisha utumie nyongeza zake za kuhamisha ujumbe kati ya madalali. Tawi likikatikiwa mtandao, linaendelea kuandika kwa dalali wa jirani, na mzigo unavuka njia ikifunguka.

Kuna tundu moja ambalo dalali halizibi. Programu ya tawi inaandika oda kwenye kanzidata yake, halafu inatuma ujumbe. Umeme ukikatika kati ya hatua hizo mbili, oda ipo na ujumbe haupo. Dawa yake ni kuandika oda pamoja na barua yake katika muamala mmoja wa kanzidata, kwenye jedwali dogo la barua zinazotoka, halafu programu nyingine ipite ikizichukua na kuzituma. Ni jedwali la safu tano au sita tu. Kama ningeruhusiwa kuongeza kitu kimoja kwenye kila mfumo wa mauzo niliowahi kuufungua, ningeongeza hilo.

Rejesta: AS2

Barua ya kawaida unaitumbukiza sandukuni. Ya rejesta unarudishiwa sahihi ya aliyeipokea. AS2 ni rejesta ya kompyuta. Hati husainiwa kidijiti, husimbwa ili wengine wasiisome, hupelekwa kwa HTTP, njia ile ile ya kurasa za wavuti, na mpokeaji hurudisha risiti iliyosainiwa yenye alama iliyokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo. Alama hiyo ikilingana na yako, yeye hawezi kukana kwamba alipokea, wala kudai alipokea hati tofauti. Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, iliwataka wasambazaji wake waitumie kuanzia mwaka 2002, na hapo ndipo ilipoenea. Kanuni zake rasmi zilichapishwa mwaka 2005.

Kati ya njia zote hizi, ni hii pekee ambayo risiti iliyosainiwa iko ndani ya kanuni yenyewe na si hisani ya mwandishi wa programu. Ndiyo sababu inafaa pale penye mkataba, faini ya kuchelewa, na watu wasiojuana. Inayobebwa ndani mara nyingi ni EDIFACT, lugha ya hati za biashara iliyokuwepo tangu 1987: ORDERS kwa oda, DESADV kwa taarifa ya mzigo uliotumwa, INVOIC kwa ankara. Ukitaka kuuza moja kwa moja kwa duka kubwa la Ulaya au Marekani, huenda hutaulizwa unapenda njia gani. Utapewa kijitabu na tarehe.

Uzito wake uko kwenye vyeti vya kidijiti, vinavyothibitisha sahihi ni ya nani. Kila upande una cheti chake, kila cheti kina siku ya kufa, na kikifa usiku wa kuamkia sikukuu oda zinasimama. Weka siku hizo kwenye kalenda ya watu wawili. Kwa duka na bohari za mwenyewe mmoja, njia hii ni kubwa mno.

Mashine ndogo, laini dhaifu: MQTT

Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper waliiandika MQTT mwaka 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yakisomwa kwa setilaiti, ambako kila baiti ililipiwa. Kichwa cha ujumbe kinaweza kuwa baiti 2 tu. Kwa kipimo cha tangi la kituo cha mafuta au joto la chumba cha samaki, kinachotumia laini ya simu yenye bando dogo, sijaona ya kuifikia.

Ina viwango vitatu vya uhakika: 0, tuma na usahau, 1, fikisha walau mara moja, 2, fikisha mara moja tu, kwa kupeana ishara nne. Watu hukimbilia 2 kwa sababu ya jina. Mimi huweka 1 pamoja na ile namba ya pekee, kwa sababu ahadi ya 2 ni kati ya kifaa na dalali wake tu, haifiki hadi kwenye kanzidata yako. Na ina kitu kimoja ninachokipenda sana: wosia. Kifaa kinapojiunga huacha ujumbe kwa dalali, na kikikatika bila kuaga, dalali anausoma kwa wote. Kwa hiyo kimya cha tangi lililojaa na kimya cha kifaa kilichokufa havifanani tena.

Nyingine kwa haraka

Faili kwa SFTP, njia salama ya kuhamisha faili, kila usiku si papo kwa papo, lakini kwa taarifa za benki na usuluhishi wa hesabu bado ni nzuri, na kosa lake kubwa lina dawa nyepesi: andika faili kwa jina la muda, ulibadilishe likikamilika, mwenzako asije akasoma nusu. WebSocket, laini inayobaki wazi kati ya seva na skrini, ni kwa skrini zinazopaswa kubadilika zenyewe. Haitunzi ujumbe, usiipe pesa. Kafka, iliyozaliwa LinkedIn na kufunguliwa kwa umma mwaka 2011, ni daftari ambalo kila msomaji hukumbuka mstari alipoishia, na usipobadilisha mipangilio yake hutunza kurasa kwa siku 7. Ni nzuri mno kwa wasomaji wengi na matukio mengi. Kwa oda 3,000 kwa siku utaajiri mtu wa kulitunza daftari kabla hujaajiri mtu wa kuuza.

Ningechagua hivi

Duka moja na malipo ya simu: hodi, pamoja na kuuliza kila dakika chache. Matawi matano na bohari: foleni, dalali kila mji, na lile jedwali la barua zinazotoka. Kama huna fundi wa kudumu wa kumtunza dalali, basi usimweke. Kuuliza kwa namba ya mfululizo kutakutosha kwa miaka, na atakayekuambia ni ushamba mwulize yeye anashika nini mtandao ukikatika. Mnunuzi wa nje mwenye mkataba: AS2. Vipimo: MQTT.

Halafu, kabla ya kulipa malipo ya mwisho, fanya jaribio hili mbele ya fundi. Mwambie keshia aanze kuingiza oda, moja kila nusu dakika, zenye namba kuanzia 1 hadi 40. Ikifika ya 10, chomoa waya wa mtandao. Ikifika ya 20, zima kompyuta ya tawi kwa kuchomoa umeme, si kwa kitufe, kisha uiwashe, keshia aendelee alipoishia. Ikifika ya 30, rudisha waya. Keshia akimaliza ya 40, kunyweni chai robo saa, kisha muende bohari mkahesabu: ziwe 40, kila namba mara moja.